Mida, Sabaki, Arabuko-Sokoke au Dakatcha: uende wapi kutazama ndege Kilifi?

Mtu akifika Malindi au Watamu na darubini shingoni, kila atakayemuuliza atamtajia pahali pengine. Mvuvi atamwambia Sabaki. Wa bodaboda pale Gede atamwambia msituni. Kijana wa Mida atamwambia njoo kwetu, ndege wamejaa mpaka basi. Wote wamesema kweli. Ila hakuna aliyemuuliza yeye maswali mawili yanayoamua safari: leo mwezi wa angani umefika siku ya ngapi, na upepo ni kaskazi au kusi?

Kaunti ya Kilifi ina kila aina ya makazi ya ndege, na yamekaribiana mno. Kuna mkono wa bahari wenye mikoko (Mida), mlango wa mto mkubwa (Sabaki), msitu mkavu wa pwani (Arabuko-Sokoke) na pori la mirihi, yaani miti ya Brachystegia, huko bara (Dakatcha). Asubuhi moja haitoshi kwa yote, na pahali panapomfaa mmoja panaweza kumchosha mwenzake bure.

Vipimo kabla ya kuchagua

*Upepo.* Wakati wa kaskazi, kama Novemba hadi Machi, pwani hujaa ndege wa matope kutoka Ulaya na Asia. Huanza kushuka Agosti, na ikifika mwanzo wa Mei wengi wamekwenda zao, isipokuwa wachanga wachache ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Hao hubaki huku mwaka mzima. Kusi, upepo wa miezi ya katikati ya mwaka, ina wageni wake wengine kabisa, hasa wa kutoka Madagaska. Anayesafiri Juni akiwa na orodha ya Januari atarudi akilaumu pahali, na pahali hapana kosa.

*Maji.* Kwenye hori, yaani mkono wa bahari, na kwenye mlango wa mto, saa ya maji ni kubwa kuliko saa ya jua. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili hivi zinazofuata, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni, na hupwa mnamo saa nne au saa tano. Kutoka kupwa hadi kujaa, kina hupanda zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hupinduka: hujaa karibu na saa nne, hupwa karibu na saa kumi, na tofauti huwa kama mita moja tu. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ratiba ya maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, inatosha kwa makadirio. Usipokuwa nayo muulize mvuvi. Atakujibu bila kuangalia kitu.

*Wingi au upekee.* Kuona ndege elfu moja wa aina 25 kwa asubuhi moja ni furaha ya namna yake. Kumwona mmoja asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti hii ni furaha nyingine. Hizi mbili haziji pahali pamoja, na watu wengi hawajiulizi wanataka ipi.

*Miguu, jua na mwongozaji.* Kuna pa kutembea mita mia mbili kwenye mbao, na kuna pa kutembea saa tatu mchangani bila kivuli. Kuna unapoweza kujiendea, na kuna ambapo bila mwenyeji utaona miti tu.

Kuhusu vifaa, darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye kioo cha mbele cha milimita 42, inafaa kila pahali. Ya 10x hutikisika mkononi na ndani ya msitu hubana eneo la kuona. Darubini kubwa ya miguu mitatu ni mzigo wa bure msituni, lakini kwenye matope ndiyo inayotenganisha "kindege kile cha kijivu" na jina.

Hori la Mida

Mida ni mkono wa bahari wenye ukubwa wa kilomita za mraba 32 hivi, jirani na Watamu, ndani ya hifadhi ya bahari. Wengi hupaita mlango wa mto, lakini hapana mto unaomwaga hapo. Maji matamu huingia kwa chini, yakichuruzika kutoka ardhini. Kwa hiyo hori halipati tope la bara kama Sabaki. Ukingoni mwote ni mikoko, mchu, mkandaa na mlilana.

*Ndege.* Anayewaleta watu Mida ni mla-kaa (Dromas ardeola), mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, mdomo mnene mweusi usiofanana na wa kitwitwi (ndege mdogo wa matope) yeyote. Mtazame akiwinda. Hukimbia hatua chache, husimama kama amesahau jambo, hukimbia tena, kisha mdomo unashuka mara moja. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hutikiswa na kupigwapigwa mpaka miguu ikatike. Kando yake mara nyingi husimama kinda wa kijivu, mwili sawa na wa mzazi, akililia chakula. Ndege hawa huzaa kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Omani na Somalia, katika mashimo wanayoyachimba mchangani, kwa kawaida yai moja jeupe tu. Kinda hufuatana na wazazi mpaka huku na kuendelea kulishwa kwa miezi, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa matope.

Pamoja nao utapata sululu, vitwitwi wa mdomo uliopinda juu (Xenus cinereus) wanaokimbia huku wameinama kama wamepoteza shilingi, na vitwitwi-mchanga wa aina mbili, mkubwa na mdogo, ambao ndio hesabu ngumu ya Mida. Usihangaike na ukubwa wa mwili, hasa ndege akiwa peke yake. Pima mdomo: ukiwa mrefu kuliko nafasi ya kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, elekea kwa mkubwa, ukiwa mfupi kuliko hapo, ni mdogo. Jioni za kaskazi, keremkerem wekundu (Merops nubicus) huja kulala kwenye mikoko kwa makundi, na hapo hata asiyejali ndege huacha simu.

*Saa.* Fika saa tatu kabla ya maji kujaa, ukae mpaka ibaki saa moja. Maji yanapopanda huwasukuma ndege kutoka katikati ya matope, hatua kwa hatua, hadi mbele ya banda la kutazamia. Siku za bamvua msukumo huo ni wa haraka na ndege husogea karibu, lakini nafasi ni fupi. Siku za maji mafu matope hayafunikwi yote: ndege hukaa mbali kidogo, ila unawatazama kwa muda mrefu bila pupa. Anayejifunza atafaidi zaidi maji mafu, ingawa karibu kila mtu hupendekeza bamvua. Kumbuka pia kwamba ndani ya hori maji hujaa baadaye kidogo kuliko baharini.

*Kufika na kutembea.* Matatu ya barabara ya Malindi–Mombasa hukushusha Mida, kusini ya Gede, kisha ni bodaboda au miguu. Kuna njia ya mbao iliyoning'inizwa kwa kamba katikati ya mikoko, zaidi ya mita 200, inayoishia kwenye banda. Inaendeshwa na jamii, na sehemu ya kiingilio hulipia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu na hori. Waongozaji wako palepale.

*Kinachoharibu.* Kosa kubwa ni kufika maji yakiwa yamepwa kabisa. Utaona nukta zinazocheza kwenye mazigazi, kilomita nzima mbele yako. Kosa la pili ni kushuka matopeni kuwafuata: utazama hadi magoti, chaza wa kwenye mizizi watakukata nyayo, na ndege wataruka. Mtumbwi hufaa kutazama mikoko, lakini ukiwaelekea ndege waliokusanyika, nahodha asimame mapema. Mla-kaa mmoja akiinua shingo, wote wameshaamua kuondoka.

*Panamfaa nani.* Anayeanza, mwenye watoto, mwenye muda mchache. Mzee ataweza, ila njia hutikisika, na kwa kiti cha magurudumu haipitiki.

Mlango wa mto Sabaki

Huu ndio mlango wa mto hasa. Ni maji ya Athi na Galana, mto wa kilomita 390 hivi unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi na kubeba udongo wa njia nzima mpaka kaskazini ya Malindi. Ndiyo sababu ufuo wa Malindi umepanuka na bahari yake huwa ya rangi ya chai ya maziwa miezi ya mafuriko. Udongo huohuo ndio uliotengeneza matope, fungu za mchanga, vidimbwi na nyasi chumvi zinazoshikilia ndege.

*Ndege.* Kwa aina nyingi kwa siku moja, Sabaki haina mpinzani katika kaunti. Shakwe na buabua hukusanyika kwenye fungu, wakubwa kwa wadogo. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, huja na kuondoka bila ratiba inayoaminika. Vidimbwini kuna vitwitwi wa kila saizi. Kwenye nyasi nyuma ya ufuo yupo kipimanjia wa Malindi (Anthus melindae), mwenye miguu ya manjano na michirizi kifuani, ambaye jina lake la kisayansi limechukuliwa kwa mji wenyewe.

Lakini kinachoitofautisha Sabaki ni kusi. Wakati Mida imepungukiwa, hapa hufika Glareola ocularis wa Madagaska, ndege wa rangi ya kahawia mwenye mabawa marefu kama mbayuwayu aliyekua kupita kiasi. Huwapo kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, miaka mingine kwa maelfu. Mchana hutua kwenye fungu, wote wameelekeza vichwa upepo unakotoka, na kwa macho matupu utadhani ni madongo ya udongo. Ukiweka darubini kubwa utaona mstari mweupe mfupi chini ya jicho la kila mmoja. Jioni huinuka kuwinda wadudu, na hapo hakuna haja ya darubini.

*Saa.* Maji yakijaa, ndege waliotawanyika kwenye miamba na matope huja kupumzika kwenye fungu, kwa hiyo saa mbili kabla ya kujaa ni kipimo kizuri. Ufuo unatazama mashariki: asubuhi jua litakuwa machoni kila ukielekea baharini. Alasiri ndiyo yenye mwanga. Bamvua ikijaa saa kumi jioni, mwanga na maji hukutana, na siku hizo ni za kuandika kwenye kalenda.

*Kufika na kutembea.* Kutoka Malindi chukua matatu ya kwenda Mambrui au tuktuk mpaka daraja la Sabaki, kisha miguu kupitia kijijini na vilima vya mchanga, nusu saa au zaidi. Hakuna kivuli. Beba maji lita 2 kwa mtu, kofia, na viatu visivyoogopa kulowa. Sandali za plastiki za soko ni bora kuliko viatu vya bei. Mtafute mwongozaji wa kijijini, na si kwa sababu ya majina ya ndege tu.

*Kinachoharibu.* Mto hubadilisha njia. Fungu ulilotembea mwaka jana laweza kuwa katikati ya mkondo mwaka huu, na udongo mpya ulioachwa na mafuriko hukauka juu huku chini ukiwa uji. Mwenyeji hujaribu kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Fanya vivyo hivyo. Usivuke mto kwa miguu hata maji yakionekana ya kifundoni: kuna viboko, na mamba pia. Viboko hutoka majini kwenda malishoni giza likianza, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu jioni uwe umeshaupa mto kisogo. Kusi ikivuma kwa nguvu, mchanga huingia kwenye vioo na darubini ya miguu mitatu hutetemeka. Ishushe, keti chini, ning'iniza mfuko wa mawe au chupa ya maji katikati ya miguu yake. Usifute kioo kwa shati. Pulizia kwanza.

*Panamfaa nani.* Anayependa orodha ndefu na hajali jua. Msafiri wa kati ya Mei na Septemba. Mpiga picha wa ndege wanaoruka. Watoto wadogo huchoka kabla ya kufika.

Msitu wa Arabuko-Sokoke

Kilomita za mraba 420 hivi, msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki. Anayesema tu "nimekwenda Sokoke" hajasema kitu, kwa maana ni misitu mitatu katika mmoja. Upande wa mashariki, karibu na Gede, ni msitu mchanganyiko wenye mvua zaidi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, ni mirihi. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, ni mfunda (miti ya Cynometra) uliosongamana. Kila mmoja una ndege wake, na ukikaa katika mmoja tu utakosa theluthi mbili.

*Ndege.* Kwenye mfunda yupo bundi wa Sokoke (Otus ireneae), aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1966. Hafiki shubiri moja. Mbali na Kilifi anajulikana tu kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na mchana hulala wawili bega kwa bega kwenye kijitawi, urefu wa mtu au zaidi kidogo. Unaweza kusimama hatua mbili kutoka kwao ukiwa unatazama tawi lililovunjika, mpaka tawi lifungue jicho moja.

Kwenye mirihi watafute kipimanjia wa Sokoke (Anthus sokokensis), anayetembea kimya juu ya majani makavu. Chozi wa Amani, juu kabisa kwenye vilele. Na kwera wa Clarke (Ploceus golandi), ndege wa Kilifi pekee duniani, anayepita kwa makundi na ambaye hana ahadi. Kwenye msitu mchanganyiko wa Gede yumo kulukulu wa Fischer na Sheppardia gunningi, kindege cha chini chenye kifua cha rangi ya chungwa, na wakati wa kusi huja mkesha wa madoadoa (Geokichla guttata). Huyo wa mwisho hutafutwa pia ndani ya magofu ya Gede, ambako miti imetunzwa pamoja na kuta. Ardhini, mnyama mwenye pua ndefu na kiuno cha dhahabu anayekimbia kama ametupwa ni sengi wa Sokoke.

*Saa.* Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshaingia. Saa nne msitu hunyamaza. Hurudi kidogo saa kumi jioni, na magharibi bundi huanza mlio wake, mfululizo wa sauti fupi, laini, zenye kimo kimoja. Maji ya bahari hayahusiki hapa, na hilo peke yake ni sababu ya kuuchagua siku ambayo saa za kujaa hazikufai.

Kwenye mirihi usiwakimbilie ndege. Hutembea kwa makundi ya aina nyingi pamoja, na kati ya kundi na kundi unaweza kukaa dakika 40 bila kuona unyoya. Kundi likifika, hukaa juu yako dakika tano au kumi, kisha limepita. Ukisikia kelele na midomo ikigongana juu, ni mbwigu wenye kofia (Prionops), watangulizi wa msafara. Simama hapo, weka mgongo kwenye mti, tazama juu, na usishushe darubini kuandika.

*Kufika na kutembea.* Kituo cha msitu kiko Gede kando ya barabara kuu. Matatu zote za Malindi hupita. Njia ni tambarare na zenye kivuli. Kwa mfunda ulio ndani utahitaji gari au pikipiki, na mwongozaji kwa vyovyote: kuna tembo, na bundi humjui alikolala jana.

*Kinachoharibu.* Kucheza sauti ya bundi kwa simu ili ajitokeze. Ndege walewale wawili husumbuliwa kila wiki, huhama, na mwongozaji hubaki bila cha kuonyesha, wanaojali watakukataza. Mchanga mweupe hukwamisha gari dogo wakati wa ukavu; udongo mwekundu hugeuka utelezi mvua ikinyesha. Upupu huanika maganda yake pembezoni mwa njia baada ya mvua, na ukiugusa siku imekwisha. Vaa suruali ndefu uichomeke ndani ya soksi kwa ajili ya kupe na siafu. Na shingo: anayetazama vilele kwa saa tatu bila mazoezi hulala vibaya.

*Panamfaa nani.* Anayetafuta ndege adimu, mwenye subira, asiyependa jua. Anayeanza anaweza kukata tamaa, maana atasikia ndege 30 na kuona wanane.

Pori la Dakatcha

Kaskazini ya Sabaki, bara ya Malindi, Marafa ikiwa ndio mlango wake. Ni mirihi na mfunda tena, lakini sehemu kubwa ni ardhi ya jamii: watu wanalima, wanachunga na wanachoma makaa, na mashamba ya mananasi yamelimega pori kwa miaka mingi. Hakuna geti wala banda.

*Ndege.* Kwa jumla ni kama Arabuko-Sokoke, kwa uchache zaidi: kipimanjia wa Sokoke, kulukulu, hata bundi mdogo mwenyewe. Upekee wake ni kwera wa Clarke. Kwa miongo mingi hakuna mtaalamu aliyejua ndege huyu anajenga wapi. Akionekana Sokoke kwa msimu, kisha ametoweka. Mwaka 2013 viota vilipatikana Dakatcha, kwenye ndago za kidimbwi cha msimu. Hapo ndipo hesabu yake ilipoeleweka: mirihi humlisha, lakini bila kidimbwi kujaa mvua hazai.

*Saa na majira.* Asubuhi mapema, kama msitu wowote. Kwa viota, yote hutegemea mvua, na kidimbwi kilichotumika mwaka mmoja chaweza kuachwa mwingine. Uliza Marafa kabla ya kufunga safari.

*Kufika na kutembea.* Gari au pikipiki kutoka Malindi hadi Marafa, kisha barabara za udongo. Lala Marafa usiku mmoja ili uwe porini kukicha. Mwongozaji wa hapohapo ni lazima, na mnapopita kwenye boma la watu, salamu huja kabla ya darubini.

*Kinachoharibu.* Joto, umbali na matumaini makubwa. Baada ya mvua kubwa hata pikipiki hukwama, na mvua ndiyo unayoihitaji kwa kwera; hapo ndipo penye mtego. Maduka ni machache, basi beba maji na chakula cha siku nzima. Ukikuta viota, tazama kutoka ukingoni. Kuingia kidimbwini hukanyaga ndago zinazoshikilia makinda.

*Panamfaa nani.* Aliyekwisha kwenda Arabuko-Sokoke na kumkosa kwera. Mtu wa utafiti. Anayetaka fedha yake ifike kwa watu ambao pori liko mikononi mwao. Kwa safari ya kwanza Kilifi, ni mbali mno kwa unachopata. Lakini ukiwa Marafa kwa sababu nyingine, kwenda kuona korongo la Nyari kwa mfano, ni makosa kuondoka bila asubuhi moja.

Kuchagua kwa hali yako

Una siku moja, na ni bamvua: ingia Arabuko-Sokoke saa kumi na mbili, toka saa nne maji yakiwa yamepwa na matope yakiwa hayana faida. Kula Gede, pumzika. Saa saba na nusu uwe kwenye banda la Mida, ukae mpaka saa tisa na nusu. Siku za bamvua zimepangika kana kwamba msitu na hori vilikubaliana.

Una siku moja, na ni maji mafu: pindua. Mida kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu, msitu jioni ukisubiri bundi alie.

Umekuja Juni au Julai: Sabaki alasiri kwa wageni wa Madagaska, na asubuhi magofu ya Gede kwa mkesha. Mida iwe ya mandhari, usiilaumu kwa kukosa makundi.

Umekuja mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili: Mida. Vitwitwi wanabadilika rangi kabla ya kuondoka, wengine wakiwa wekundu wa matofali kifuani, na kuwatambua ni rahisi kuliko Januari wote wakiwa kijivu.

Una watoto au mzee: Mida kwanza, magofu ya Gede pili. Sabaki mpeleke anayeweza kutembea saa moja mchangani, kwenda na kurudi, bila kuuliza tumefika.

Unataka picha na huna lenzi ndefu: banda la Mida siku ya bamvua, maji yakipanda. Msituni mwanga ni hafifu na ndege wako juu; utapata vivuli.

Fedha ni kidogo: Mida na kituo cha msitu Gede hufikika kwa matatu, na kundi la watu wanne hugawana mwongozaji mmoja. Dakatcha ndiyo ghali, kwa sababu ya usafiri.

Una siku tatu: ya kwanza msitu na Mida kama hapo juu, ya pili Sabaki alasiri, na usiku wake ulale Marafa ikiwa mvua imenyesha karibuni. Isiponyesha, rudi msituni upande wa mfunda, kwa sababu siku ya kwanza hukuufikia.